Kilo Moja na Gramu Mia Sita

Mwalimu Kitundu aliuliza hivi: mzigo wa kilo mbili uliotundikwa kwenye wenzo ukisogezwa karibu na egemeo, nini hutokea?

Nikanyosha mkono nikajibu: "Unakasirika."

Darasa zima lilicheka isipokuwa mwalimu. Kadi iliyoning'inia shingoni mwangu ikatoa mlio mdogo kama wa panya aliyekanyagwa mkia, ikageuka rangi ya chungwa, na uzito wangu ukapanda kutoka kilo moja na gramu mia sita hadi kilo mbili na gramu mia moja. Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Kilomita mbili kutoka pale, katika soko kubwa la Singida, trei ya mayai thelathini ilidondoka sakafuni.

Habari za mayai nilizipata baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba jaribio letu limekwenda vizuri, na nikafurahi kama mjinga aliyeokota filimbi.

Sasa, huenda wewe unatoka mahali ambako wanafunzi hawana uzito, kwa hiyo ngoja nieleze kidogo. Zamani watu walilipa kodi, kodi ikasomesha vijana wa kidato cha tano na cha sita, vijana wakala wali na maharage ya umma, wakawashiwa taa za umma, wakafundishwa na walimu wa umma, na hakuna mlipaji aliyesikia chochote mwilini. Walichosikia ni hasira tu. Kila baraza la kahawa lilikuwa na mzee mmoja wa kuuliza kwa nini jitu la miaka kumi na minane, lenye ndevu, linakaa darasani kusoma habari za chura wakati wenzake wanalima alizeti. Basi akatokea mchumi mmoja akaliambia Bunge kwamba gharama isiyohisiwa haiheshimiwi. Bunge likapiga meza. Sheria ya Uzito ikapita.

Kodi bado wanalipa wote. Uzito ndio hugawiwa kwa kura ya bahati. Kila kijana anayebaki shuleni baada ya kidato cha nne hupangiwa mtu mzima mmoja wa kumbeba kwa miaka miwili. Mtu huyo huvishwa kikuku cha chuma cheusi mkononi, na kikuku ndicho mwanafunzi. Mwanafunzi akisoma vizuri, kinakuwa chepesi hadi gramu mia tano. Akilegea, kinazama. Ndani kuna kitu kinachovuta kuelekea ardhini. Usiniulize kinavutaje, maana siku Mwalimu Kitundu alipoeleza nilikuwa nimelala, na usingizi ule najua kuna bega lililoulipia.

Bega la nani? Hapo ndipo sheria inapofunga mlango. Mbebaji hajui anambeba nani, na mbebwa hajui anabebwa na nani. Wanasema ni kwa ajili ya amani. Mtu asije akakufuata nyumbani kwenu na fimbo.

Mimi ni Sikitu Mughwai, kidato cha tano, mzito kuliko wote darasani. Wananiita Gunia. Wastani wa darasa ni gramu mia tisa. Na zaidi ya uvivu nina ugonjwa mwingine: nikiambiwa kitu ni siri, silali.

* * *

Mpango ulikuwa wangu. Macho yalikuwa ya Nikodemu Hango, rafiki yangu tunayekaa dawati moja. Kila Jumanne saa nne na dakika ishirini tunakuwa na maswali ya papo kwa papo, na jibu likikosewa uzito hupanda palepale. Kwa hiyo mimi nikose makusudi, dakika ileile, na Nikodemu awe sokoni akiangalia mkono wa nani unashuka.

"Kwa nini sokoni?" aliniuliza.

"Kwa sababu ndiko kwenye vikuku vingi. Utafiti huanzia kwenye samaki wengi."

"Na mimi nitaruhusiwaje kutoka shuleni?"

"Ugua."

Wiki ya kwanza aliugua malaria. Sokoni alihesabu vikuku arobaini na kimoja, na saa nne na ishirini mikono kumi na mmoja ilishtuka, maana si mimi peke yangu niliyekosa siku hiyo. Wiki ya pili aliumwa jino. Kati ya wale kumi na mmoja, watatu walishtuka tena. Wiki ya tatu ilibidi afiwe na bibi yake, ambaye kwa hesabu zangu alikuwa anafariki kwa mara ya nne tangu tuanze sekondari.

Siku hiyo ya "unakasirika" alirudi jioni, akanikuta nje ya uzio wa shule. Alikuwa na daftari mkononi na hakuwa na ule uso wake wa kutaka kusifiwa.

"Nimempata," alisema.

"Nani?"

"Yule mama wa mayai, kibanda cha mwisho upande wa mashine za kusaga. Wanamwita Mama Mwasiti. Wale wawili wengine leo hawakutikisika."

"Nikodemu, wewe ni profesa!"

"Alikuwa ameshika trei, Siki. Mkono ulishuka hivi, kama mtu aliyevutwa. Trei nzima ikaenda chini."

"Nzima?"

"Yamebaki mawili. Moja likabingirika mpaka kwenye kiatu changu."

"Ukafanyaje?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Nikaandika. Si ndiyo kazi uliyonipa?"

Akanionyesha daftari. Ilikuwa kweli: *Saa 4:20. Mkono wa kulia. Mayai 28.* Mwandiko mzuri kabisa. Nilitaka kutania lakini utani haukuja, jambo ambalo kwangu ni dalili ya homa.

* * *

Jumamosi nilikwenda kumtazama. Kutazama tu, nilijiambia. Nilivaa gauni la kawaida, nikaiacha kadi nyumbani, nikasimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga kama mtu mwenye mahindi.

Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, kitambaa cha bluu kichwani. Mbele yake alikuwa na kopo la maziwa lililotobolewa juu, ndani taa. Aliweka yai juu ya tundu, akafunika kwa kiganja, mwanga ukapita ndani ya yai likawa kama mwezi mdogo. Kisha akasema "zima" au "bovu" na kulipeleka upande wake. Alifanya yote kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, wenye kikuku, ulilala juu ya meza kama mtoto aliyelazwa asiamshwe.

Kwa hiyo yule ni mimi, niliwaza. Nimelala mezani.

Ningeondoka hapo. Nasema ukweli, nilishageuka. Lakini yeye akainuka, akabeba trei mbili moja juu ya nyingine kupeleka kwenye baiskeli ya mteja, na pale kwenye kizingiti mkono wa kulia ukaanza kutetemeka.

Sasa mimi nimelelewa na bibi. Na kwa bibi yangu kuna dhambi ndogo, kubwa, na ya kumwona mtu mzima amebeba mzigo ukapita. Ukiwa unakula, unaacha ugali. Ukiwa na haraka, haraka yako haimhusu. Miguu yangu ilifika kabla yangu.

"Shikamoo mama. Nikupokee."

"Marahaba mwanangu. Eh, Mungu akuzidishie."

Nikapokea trei, nikazifunga kwenye baiskeli, nikarudi. Akawa amekaa kwenye kigoda anajikanda bega.

"Watoto wenye adabu bado wapo," alisema. Kisha, kwa mzaha, akaninyoshea mkono wa kulia. "Ungenipokea na hiki basi!"

Ulikuwa mzaha. Mtu mwenye akili angecheka. Lakini sheria huruhusu wabebaji kupokezana: mtu mzima akichoka, mtu mzima mwingine anaweza kukivaa hata kwa siku moja, wote wawili wakibonyeza kidole gumba kwenye jicho la kijani la kikuku. Nilijua hivyo. Na bibi yangu hakuwahi kunifundisha kwamba mzigo mwingine unapokewa na mwingine unaachwa. Na tena, nisikudanganye, niliwashwa. Mwaka mzima naitwa Gunia, sijawahi hata siku moja kulibeba.

"Nipe," nikasema.

"Umri wako unaruhusu?"

"Mimi mkubwa, mama."

Akabonyeza. Nikabonyeza. Kikuku kikafunguka kwenye kifundo cha mkono wake, kikajifunga kwenye changu, kikajikaza chenyewe. Mkono wangu ukashuka mpaka gotini.

"Huyu wangu mzito kidogo," alisema Mama Mwasiti kwa sauti ya kuomba radhi, kama mtu ambaye mwanawe amevunja kikombe cha jirani.

* * *

Kikuku hakiulizi jina lako. Huchunguza alama ya kidole baadaye, kikishafungwa. Nilipofika nyumbani nikaikuta kadi yangu mezani ikiwa nyekundu, imeandikwa: MBEBWA AMEKUWA MBEBAJI. MASOMO YAMESITISHWA.

Nilijaribu kukivua. Nilijaribu kwa sabuni, kwa mafuta ya alizeti, na kwa maneno ambayo bibi aliyasikia akiwa jikoni.

"Unatukana nani?"

"Najitukana mwenyewe, bibi. Nimekaa hapa mkononi."

Nilimweleza yote. Bibi aliupima mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaguna.

"Ndiwe huyu?"

"Ndimi."

"Una nyama nyingi kwa mtu asiyesoma."

Jumatatu lango la shule lilikataa kunifungukia. Mkuu wa shule aliniitia mtu kutoka Ofisi ya Uzito, Bwana Mpondo, mwanaume mrefu mpole mwenye mkoba mwembamba. Alinieleza pale getini, kwa upole wa daktari wa meno. Mtu hawezi kuwa mbebwa na mbebaji kwa wakati mmoja. Mbebaji ni mtu mzima aliyemaliza shule. Kwa hiyo, kwa macho ya mfumo, mimi nimemaliza shule.

"Lakini nilikuwa nampokea mtu mzigo!"

"Naelewa kabisa. Hata mimi mama yangu angenichapa nisingepokea." Akafungua mkoba. "Njia ni moja. Mbebaji wa kwanza akubali kukirudisha mkononi. Ila siri imeshavunjika, na siri ikivunjika mbebaji ana haki ya kukataa. Akikataa, nafasi yako inafungwa, na kura nyingine ni mwakani. Mwakani utakuwa umepita umri wa kuingia kidato cha tano."

"Kwa hiyo akikataa?"

"Alizeti zinahitaji watu," alisema, na nadhani alikuwa ananifariji. "Keshokutwa saa sita mchana, pale pale kibandani kwake. Tutamuuliza."

Siku mbili hizo nilijifunza mambo. Nilivunja sahani mbili. Nilishindwa kuchana nywele. Na mbaya zaidi, kwa kuwa sikuwa darasani, mfumo ulihesabu kwamba nimelegea: kilo mbili na mia moja, mbili na mia tatu, mbili na nusu. Mashine imenifukuza shule halafu inanilaumu kwa utoro! Usiku wa Jumatatu nilikisukuma kikuku juu kuelekea kwenye kiwiko ili nijikune, na mkono ukanyanyuka. Nikakirudisha chini, ukazama. Juu, chini. Nilikaa kitandani nikifanya hivyo kwa muda mrefu, kama mtu aliyegundua swichi.

Mzigo ukisogezwa karibu na egemeo.

"Mwalimu Kitundu, mchawi wewe," nilisema gizani.

Nikodemu alikuja Jumanne jioni na ushauri. "Sikiliza. Mwambie uliumwa. Zile Jumanne tatu, mwambie malaria. Mama gani atamkataa mtoto wa malaria?"

"Na mayai?"

"Mayai yameshavunjika, Siki. Ukweli hauyarudishi kwenye maganda."

Ilikuwa hoja nzuri. Niliibeba kichwani usiku kucha, nayo ilikuwa na uzito wake.

* * *

Jumatano saa sita Bwana Mpondo alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda, magoti yakigusa kidevu, mkoba ameukumbatia asije akagusa yai. Mama Mwasiti aliniangalia kuanzia miguuni hadi kikuku.

"Kumbe ni wewe."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe mkubwa!" Akatikisa kichwa. "Na mimi nikakuvika mwenyewe."

Bwana Mpondo akaanza kusoma karatasi yake, lakini mama akanyanyua kiganja. "Subiri, baba. Kabla hujaniuliza, na mimi nina la kumuuliza mtoto."

Akasimama, akaufunga mlango wa kibanda nusu, na upande wa ndani wa mlango nikaona chaki. Mistari. Mamia ya mistari iliyosimama, mingine mirefu, mingine mifupi, imepangwa safu kwa safu kama alizeti shambani.

"Miezi kumi nimebeba gunia lililofungwa mdomo," alisema. "Nikasema, kama siwezi kulifungua, basi nilipapase. Kila siku nimechora. Mrefu, siku nzito. Mfupi, siku nyepesi. Angalia Alhamisi zako. Alhamisi zote fupi. Mnasoma nini Alhamisi?"

"Biolojia."

"Nilijua! Nilikuwa nawaambia hapa, mtoto wangu Alhamisi ana kitu anakipenda." Alisogea safu ya juu. "Hapa sasa, mwezi wa tatu. Siku tisa mfululizo ndefu. Nikasema huyu ama anaumwa ama kauguliwa."

"Mama yangu alilazwa Dodoma," nilisema. "Siku tisa."

"Akapona?"

"Alipona. Yuko huko huko, anafanya kazi."

"Alhamdulillahi. Nilikuombea bila jina. Nilisema, Mungu, huyu wa mkono wa kulia." Kisha kidole chake kikashuka hadi safu ya mwisho kabisa, na nikajua kinakwenda wapi kabla hakijafika. "Na hizi? Jumanne tatu. Ghafla, saa ileile. Ya mwisho ndiyo ilinidondoshea trei. Watu wakanicheka. Nikawaambia, mayai si kitu, huyo mtoto yuko taabani huko aliko. Ulikuwa na nini, mwanangu?"

Malaria ilikuwa mdomoni. Nakuapia, herufi ya kwanza ilishagusa midomo. Bwana Mpondo aliniangalia, na kwa jinsi alivyonitazama nikaona hata yeye anaitegemea hiyo malaria, tuimalize kazi twende tukale.

"Nilikuwa mzima," nikasema. "Nilikosa makusudi. Nilitaka kujua nani ananibeba. Nilimweka mwenzangu hapo kwenye mashine aangalie mkono wa nani utashuka."

Mama Mwasiti alikaa. Akachukua yai, akaliweka juu ya kopo lenye taa, akalifunika kwa kiganja. Akaliangalia muda mrefu kuliko yai linavyostahili.

"Zima," akasema, akaliweka pembeni. "Yule kijana wa daftari?"

"Ndiye."

"Nilidhani ni mtu wa takwimu." Akachukua lingine. "Kwa hiyo ulitaka kujua tu."

"Nilitaka kujua tu."

"Mbona hukuja kuniuliza?"

"Sheria hairuhusu, mama."

"Na kunivunjia mayai inaruhusu?"

Bwana Mpondo alikohoa. Mimi nilitafuta mahali pa kuweka mkono wangu wenye kilo mbili na nusu.

"Lilikuwa swali gani?" aliuliza ghafla.

"Swali lipi?"

"Lililovunja mayai yangu. Walikuuliza nini huko?"

Nikamwambia. Wenzo, egemeo, mzigo wa kilo mbili. Akanitazama kama ninasoma hirizi. Basi nikavuta kigoda, nikaweka mkono wangu mbele yake.

"Hapa kwenye kiwiko ndipo egemeo, mama, pale mkono unapojikunjia. Kikuku kikiwa huku chini kwenye kifundo, kiko mbali, kwa hiyo kinauvuta mkono kwa nguvu. Sasa angalia." Nikakisukuma juu, vidole vinne kutoka kiwiko. Kikajikaza. Nikanyanyua mkono, nikachukua yai, nikaliweka juu ya taa. Mkono haukutetemeka. "Uzito ni uleule. Umbali ndio umepungua."

"Hebu."

Aliupapasa mkono wangu. Akanishusha kikuku, akanipandisha, akanishusha tena, vile vile nilivyofanya mimi kitandani. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepima yai.

"Miezi kumi," alisema polepole, "nimekivaa kwenye kifundo."

"Ndivyo picha ya maelekezo inavyoonyesha," alisema Bwana Mpondo, akipekua karatasi zake haraka. "Ila kanuni yenyewe... inasema tu kigusane na ngozi."

"Na jibu lilikuwa hili tu?"

"Hili tu, mama."

"Wewe ulijibu nini?"

Nilitamani sakafu ifunguke. "Nilisema mzigo unakasirika."

Bwana Mpondo ndiye aliyeanza kucheka, kupitia puani, akajaribu kuugeuza kuwa chafya. Mama Mwasiti akafuata, akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kisha akaacha, mara moja, na kibanda kikawa kidogo.

"Mimi niliishia kidato cha pili," alisema. "Enzi zetu hakukuwa na vikuku. Kila mtoto alibebwa na baba yake, na baba yangu alichoka. Sikumlaumu. Lakini kura iliponiangukia, nilikasirika kuliko huo mzigo wako. Nikasema, mimi hakuna aliyenibeba, kwa nini nimbebe mtu? Ndiyo maana nilianza kuchora. Nilitaka nipate ushahidi kwamba ni mvivu, nikashitaki." Akautazama mlango. "Halafu zikaja zile Alhamisi. Nikawa nazisubiri."

"Mama Mwasiti Nkungu," alisema Bwana Mpondo taratibu, "sheria inanitaka nikuulize. Sasa unamjua. Unakubali kumbeba, au unakataa? Ukikataa hakuna atakayekulaumu."

Hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi.

"Utakuwa unakuja hapa kila Jumamosi. Utanisaidia kupima mayai, na utanieleza nilichobeba wiki nzima. Chote. Hata hizo habari za chura."

"Nitakuja."

"Trei yangu iliyovunjika utaifanyia kazi hapo hapo, mpaka deni liishe."

"Nitaifanyia."

"Na la mwisho. Ukikosa swali, likose kwa kutojua. Kutojua nitakubeba, hata uwe gunia la chumvi. Usikose tena kwa kunipima."

Nilijaribu kusema ndiyo, ikatoka kama mlio wa ile kadi yangu.

Akaninyoshea mkono wa kulia. Nikabonyeza. Akabonyeza. Kikuku kikanitoka, na mkono wangu ukaruka juu wenyewe ukagonga kopo la taa. Bwana Mpondo akalidaka kwa mkoba. Mama Mwasiti alikisukuma hadi vidole vinne kutoka kiwiko, akanyanyua mkono, akaugeuza huku na huku.

"Kumbe hukuwa mzito hivyo," alisema.

* * *

Alhamisi lango lilinifungukia. Jumamosi nilipima mayai mia mbili na nikaeleza figo. Mama Mwasiti aliuliza maswali kumi na saba, saba kati yake sikuyajua, nikaenda nayo shuleni nimeyaandika kiganjani.

Kisha ikafika Jumanne. Saa nne na dakika ishirini Mwalimu Kitundu aliuliza kuhusu msuguano. Nilifikiri, nikajibu nilichoamini, na kadi yangu ikalia. Gramu mia mbili juu. Nilikuwa nimekosa, tena kweli kabisa, bila utafiti wowote.

Mwalimu alishahamia kwa mwingine. Nikasimama.

"Mwalimu, naomba urudie hapo."

Darasa zima liligeuka. Nikodemu, ambaye siku hiyo alikuwa mzima na bibi yake pia, akanivuta sketi nikae. Mwalimu Kitundu alishusha miwani.

"Mughwai, unaumwa?"

"Siumwi, mwalimu."

"Basi kuna nini leo?"

"Kuna mtu ameshika mayai."